Kurasa za Majibizano: Daftari la Safari ya Utafiti, Dar es Salaam

Jumapili

Treni ya umeme kutoka Dodoma imenishusha Dar es Salaam kabla jua halijafika utosini, nikiwa na begi moja la nguo na jingine la makaratasi. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Viti ni vizuri, abiria kila mmoja na simu yake, Morogoro ikapita, kisha joto likatupokea mlangoni.

Nimekuja kwa sababu ya tasnifu ya uzamili. Mada yangu ni ushairi wa Kiswahili uliochapishwa magazetini, na swali langu ni hili: watu waliozaliwa katika Kigogo, Kiha au Kinyamwezi walijifanyaje washairi wa Kiswahili, tena wakakubalika, wakati kila mtu alikuwa akisema ushairi huo ni mali ya Pwani? Msimamizi wangu angependa nianze na nadharia za utambulisho. Mimi nimemwomba wiki moja nikazione kurasa zenyewe kwanza. Amekubali kwa sauti ya mtu anayejua kwamba nitarudi kwake na maswali mengi kuliko majibu.

Nina sababu yangu binafsi pia. Mimi ni Mgogo, nafundisha Kiswahili sekondari, na nimekulia mahali ambapo jina la Mathias Mnyampala halihitaji utangulizi. Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, akafariki 1969, na katikati ya miaka hiyo akawa miongoni mwa washairi wakubwa wa nchi. Kila mtoto aliyewahi kusimama mbele ya mgeni rasmi akaghani ngonjera amepita kwenye mlango alioufungua yeye.

Nimefikia kwa mama mdogo, Magomeni. Amenipokea kwa "mbukwa" nami nikamwitikia, watoto wake wakacheka. Wao Kigogo wanakisikia kama redio ya jirani: wanajua inaongea, hawajui inasema nini. Nilimuuliza yule mkubwa, kijana wa chuo, yeye ni mtu wa wapi. "Magomeni," akajibu, bila kusita. Mama yake akanitazama, akaongeza mchuzi kwenye wali wangu, mada ikaishia hapo.

Jumatatu

Mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala kupanda Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kidogo mjini, kikahamia kilimani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Maktaba mpya, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa 2018, ni kubwa kiasi kwamba mgeni anatembea kwanza kama mtalii. Mimi nilichokitaka ni mkusanyo wa East Africana, ambako mambo ya zamani ya eneo letu yanahifadhiwa. Barua ya utambulisho, kitambulisho, fomu, jina kwenye daftari, begi nje. Dada wa zamu aliniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia, mashairi ya Mambo Leo. Akasema, "Mwalimu, basi leo hutoki mapema."

Hakukosea. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, likiwa gazeti la serikali ya kikoloni ya Waingereza, likachapishwa hapa hapa Dar es Salaam. Lengo la wenyewe lilikuwa kuwaelimisha "wenyeji" kuhusu kilimo bora, afya, kodi na utii. Hayo yote yamo, na yanachosha. Lakini serikali ilipoweka nafasi ya mashairi na barua, nadhani haikujua imefungua nini. Karani wa bohari, mwalimu wa shule ya misheni, askari, mtu wa relini, wote waliandika. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha wakati huo, naye alipeleka tungo zake humo. Watu walilisoma gazeti moja kwa kulipitisha mkono hadi mkono, na asiyejua kusoma akasomewa.

Mtu anayeyasoma mashairi hayo kwenye diwani zilizokusanywa baadaye hapati kitu kimoja, nami sikukitarajia: nusu ya tungo hizo si tungo za kujitegemea. Ni majibu. Shairi linaanza kwa kumtaja fulani wa mahali fulani, linamwambia nimekusoma, linamsifu kidogo kwa adabu, kisha linampinga beti baada ya beti. Mwisho mtunzi anaweka jina lake, mara nyingi na lakabu, na mji wake. Utunzi ulikuwa barua yenye mizani. Ukimtoa mshairi mmoja ukamweka peke yake ndani ya kitabu, umechukua upande mmoja wa mazungumzo ya watu wawili, kisha unakaa kushangaa kwa nini anapiga kelele.

Kwa asiyeshughulika na mambo haya: shairi la kawaida la arudhi, yaani la kufuata kanuni, lina beti za mistari minne, kila mstari mizani (silabi) 16 zilizogawanywa vipande viwili vya mizani nane nane, vina vya kati na vya mwisho vikifanana hadi chini. Mstari wa mwisho unaweza kurudiwa kila ubeti kama kiitikio. Anayejibu, mara nyingi, anachukua bahari ileile, yaani umbo lilelile la shairi, na akiwa hodari anachukua hata kiitikio cha mpinzani akakigeuza kidogo tu, kikamrudia mwenyewe. Yaani unampinga mtu ukiwa umeketi kwenye kiti chake.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika nukuu nikaandika sentensi moja upande wa daftari: huyu wa bara hakuomba ruhusa ya kuwa mshairi, alijibu tu. Aliyejibu sawasawa alijibiwa, na aliyejibiwa alikuwa tayari amehesabiwa.

Mchana nilionyeshwa kwa haraka habari za mkusanyo mwingine, ule wa hati za Kiswahili na Kiarabu uliokusanywa miaka ya 1960 chini ya J. W. T. Allen, orodha yake ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Ni tenzi na mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mengi yakitoka kwenye masanduku ya familia za Pwani. Sikuja kwa ajili yake, na macho yangu husoma herufi hizo polepole mno. Ila ni vizuri kulijua hili mtu anapozungumzia gazeti kama mwanzo wa maandishi ya Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akijibizana na washairi wa Lamu kwa tungo mwanzoni mwa karne ya 19, kabla hapajakuwa na gazeti la Kiswahili. Gazeti halikubuni majibizano. Lilichokifanya ni kuruhusu mtu wa Dodoma aingie katikati ya mazungumzo bila kupanda jahazi.

Jumanne

Siku ya watu, si ya makaratasi. Nilikuwa na miadi TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na mhadhiri ambaye jina lake siliandiki kwa kuwa tulizungumza kirafiki na chai ya tangawizi.

Taasisi hii ina historia ya kuhamahama. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, mzazi wake, iliundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Ikakaa Dar es Salaam, mwaka 1942 ikahamia Nairobi, 1952 ikaenda Makerere, ikapita Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikarudi hapa. Mwaka 1964 ikawa taasisi ya uchunguzi ya chuo, ile tuliyoizoea kwa jina la TUKI, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 2009 ikaunganishwa na idara ya Kiswahili ikawa TATAKI.

Nilimweleza dai langu: kwamba watu wa bara waliingia kwenye ushairi kwa mlango wa kujibu, na kwamba baadaye wao ndio waliozishika funguo. Nikampa mfano wa Sheikh Kaluta Amri Abedi. Huyu alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1924. Mwaka 1954 ndiye aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ambacho hadi leo walimu wanakinukuu wakitaka kumkemea mwanafunzi aliyekosa mizani. Baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, kisha waziri, akafariki 1964. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Saadani Kandoro, mshairi na mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, naye ni wa Ujiji. Mnyampala ni wa Dodoma. Basi kanuni za ushairi wa Pwani zimeandikwa na nani?

Mhadhiri akatabasamu, akanipunguza kasi. "Mwalimu, usiiweke Ujiji na Dodoma kwenye kapu moja. Ujiji ni mwisho wa njia ya misafara. Kiswahili, misikiti na kanzu vimekuwepo kule tangu karne ya 19. Mtu wa Ujiji anaweza kuwa mbali na bahari na bado akawa mwungwana kuliko wewe wa reli ya kati."

Ana haki, na nimeliandika kwa wino mwekundu. "Bara" si kitu kimoja. Kuna bara la miji ya misafara, Tabora na Ujiji, na kuna bara la misheni na mahakama za wenyeji, kama la Mnyampala, aliyekuwa Mkatoliki na aliyefanya kazi za serikali za mitaa na mahakama. Watu wa pande hizo mbili walifika kwenye ubeti uleule kwa barabara tofauti. Lakini bado nashikilia sehemu moja ya dai langu. Aliyezaliwa ndani ya jambo hana haja ya kuliandikia sheria. Anayeandika sheria ni yule aliyelazimika kujifunza, au anayewaona wenzake wengi wakija kujifunza. Kitabu cha 1954 kiliandikwa kwa ajili ya umati wa wasomaji wa magazeti waliotaka kujibu na hawakujua pa kuanzia.

Kisha tukaingia kwenye mgogoro. Haiwezekani kukaa TATAKI bila kuingia kwenye mgogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa chuo hiki, Euphrase Kezilahabi akiwa mbele, walianza kutunga bila vina na mizani. Diwani yake Kichomi ilitoka 1974. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi nao wakatetea haki ya mshairi kuchagua umbo lake. Upande wa pili walisimama kina Kandoro na wengine waliosema shairi lisilo na vina si shairi, ni maneno yaliyokatwakatwa.

Vitabu vingi vinausimulia ugomvi huo kama vita vya wazee na vijana, au vya Pwani na bara, kwa kuwa Kezilahabi ni wa Ukerewe na wenzake wawili ni wa Kagera. Hilo la Pwani na bara halisimami. Kandoro ni wa Ujiji. Mimi naona tofauti kubwa iko penye kujibu. Shairi huru linasomwa na mtu mmoja, amekaa kimya, na halimpi mpinzani pa kushika: hakuna kina cha kuchukua, hakuna kiitikio cha kugeuza. Wazee walikasirikia umbo, lakini nadhani waliopoteza ni mwenzi wa mazungumzo. Mhadhiri hakukubali. Alisema Kezilahabi alijibiwa sana tu, kwa makala na vitabu. Nikamwambia ndiyo, kwa nathari. Akacheka, akanimiminia chai nyingine.

Nakiri nampenda Kezilahabi. Baadhi ya mashairi yake nayafundisha, na wanafunzi wanayafurahia kuliko tungo za vina. Kupenda ni jambo moja, kueleza kilichotokea ni jingine.

Jumatano

Mvua ya masika tangu alfajiri. Jangwani maji yamejaa, magari ya kwenda mjini yamesimama, bodaboda wanatoza wanavyotaka. Nilikusudia kwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, na Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nimefika Maktaba Kuu peke yake, saa nane, viatu mkononi.

Nimepitia nakala za magazeti ya baada ya vita vya pili hadi uhuru. Mwafrika lililoanza 1957, Ngurumo la 1959, kisha Uhuru la chama, la 1961. Sauti inabadilika. Yale mabishano ya Mambo Leo yalikuwa na heshima ya baraza. Hapa watu wanarushiana vijembe, na siasa iko wazi. Nimenakili kidogo, mikono baridi. Niseme pia kwamba katika kurasa nilizofungua wiki hii majina ya wanawake ni haba mno, na machache niliyoyaona yanakuja kama binti fulani au mama fulani. Mmojawapo wa tenzi maarufu sana za Kiswahili ulitungwa na mwanamke, Mwana Kupona wa Siyu, karne ya 19. Basi wanawake hawakukosa ufundi. Walikosa nini, stempu? Muda? Au waliandika kwa majina ya kaka zao? Sina jibu, na halitapatikana kwenye ukurasa wa mashairi pekee.

Alhamisi

Mhadhiri wa juzi alinipa namba ya mzee mmoja wa Temeke aliyekuwa akipeleka mashairi magazetini tangu ujana wake. Mzee alikubali nimtembelee kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala mtaa. Nimelitii.

Nilimkuta barazani, amevaa kikoi na fulana, amewasha redio kwa sauti ndogo. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa Dodoma? Mbona mdogo hivi?" Mjukuu akaleta kahawa na kashata. Kabla sijatoa daftari aliniuliza mimi ni Mgogo kweli au nimefundisha tu huko, na nilipothibitisha akasema, "Basi wewe ni mtani wangu, ukae vizuri." Yeye kwao ni Iringa, Mhehe. Amefika Dar es Salaam akiwa kijana, akafanya kazi bandarini hadi kustaafu.

Alianza kutunga kwa kuudhika. Mtu wa Tanga aliandika gazetini shairi la kuwadharau vijana wanaokimbilia mjini, naye akalisoma bandarini wakati wa mapumziko, akashindwa kula. Alikuwa hajui mizani ni nini. Mwenzake, mtu wa Kilwa, alimfundisha kwa kugonga meza: nane, nane. Usiku huo akatunga beti sita. Zikatoka baada ya majuma mengi, moja ikiwa imekatwa na mhariri.

"Ulijisikiaje?" nikauliza. Swali la kitoto, najua.

"Nilijisikia yule wa Tanga sasa ananijua," akasema. "Hatukuwahi kuonana. Tulijibizana karibu miaka miwili. Alipofariki, niliona tangazo, nikaenda mazikoni Tanga kwa basi. Wanawe waliniuliza wewe ni nani. Nikawatajia lakabu yangu. Wakaniingiza ndani."

Niliacha kalamu kidogo. Msimamizi wangu amenipa orodha ya vitabu vinavyofafanua utambulisho kwa kurasa mia tatu kila kimoja, na sidhani kama kimoja wapo kimefika kwenye ule mlango wa Tanga.

Nikamuuliza kuhusu ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wawafikishie wananchi siasa ya Ujamaa, na Mnyampala pamoja na UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, wakaipeleka kazi hiyo mbele kwa ngonjera. Watu wawili au makundi mawili yanasimama jukwaani: mmoja hajui, mwingine anajua, wanajibizana kwa beti hadi asiyejua anaelewa, mwisho wote wanaafikiana. Mzee alighani ngonjera bandarini kwenye sherehe za Mei Mosi.

"Mimi kila mwaka nilipewa kuwa mjinga," akasema, akicheka hadi akakohoa. "Sauti yangu ilifaa. Nasimama, napinga, nasema Ujamaa ni nini, mbona mnatuchosha. Watu wanapiga makofi. Kisha mjuzi ananijibu, nami lazima nielewe. Hata kama jibu lake ni bovu, imeandikwa nielewe."

Hapo nimepata kitu ambacho sikukiona kwenye kitabu chochote kuhusu Mnyampala, mtu wa kwetu ninayemheshimu. Ngonjera ilichukua majibizano ya gazetini ikayapeleka jukwaani, shuleni, kwa wasiojua kusoma, na hilo ni jambo kubwa. Lakini iliamua mshindi kabla watu hawajafungua kinywa. Kwenye gazeti, yule wa Tanga hakuwahi kukubali. Nilimwambia mzee hivyo, naye akatikisa kichwa. "Usimlaumu sana. Nchi ilikuwa na haraka."

Kabla sijaondoka alinijaribu. Aliomba karatasi, akaandika kwa mkono unaotetemeka kidogo, bila kufuta hata neno:

Mwalimu kutoka bara, mbona wapekua jaa?
Wino umekosa sura, kurasa zimechakaa,
Ni ipi hapo tijara, unayopata kwa saa?
Nijuze yenye busara, nami nipate kung'aa.

Akaniambia jibu halina haraka, lakini lije. Mtani ni mtani: amenikaribisha kwa kahawa, akaniaga kwa kuniita mchimba jalala.

Ijumaa

Nimetembea mjini, kwa miguu, tangu Posta. Sanamu ya Askari pale kwenye mzunguko wa Samora imesimama tangu 1927, ikiwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi ya chini yake yana Kiswahili kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu. Watu wanapiga picha na sanamu, wachache wanainama kusoma. Mimi nimeinama. Mwaka 1927 mwenye mji alijua bado kwamba wasomaji wake ni wa aina mbili. Mambo Leo, lililokuwa na umri wa miaka minne, lilikuwa tayari limeshaamua kwa herufi moja. Mtu aliyesoma madrasa peke yake alibaki nje ya ukurasa huo hata kama alikuwa malenga.

Nikapita Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa yalipo tangu 1940. Ndani sikukaa.

Kariakoo nilikwenda kwa sababu ya Terence Ranger. Huyu alikuwa profesa wa historia Mlimani miaka ya 1960, akaandika baadaye kuhusu ngoma za beni, zile za kuiga bendi za kijeshi, zilizogawa miji ya Pwani na bara katika makundi mawili, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, mavazi yake na nyimbo za kuuchoma upande mwingine. Baadaye zikaja klabu za taarabu za mjini hapa, Al-Watan na Egyptian, nazo zikashindana. Ukiongeza Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, zote za mitaa hii hii, unaona kwamba mji huu haujawahi kujua kuwa kitu kimoja bila kuwa na mwenzake wa kuchokozana naye. Nimeuliza wazee wawili wa vijiwe vya kahawa Mtaa wa Swahili kama wanakumbuka nyimbo za beni. Mmoja alisema hizo ni za babu zake. Wa pili alitaka kwanza kujua mimi ni Simba au Yanga.

Usiku, mama mdogo amelala, nimetunga jibu. Limechukua muda kuliko ninavyotaka kusema:

Mzee sioni jaa, naona watu baraza,
Karani chini ya taa, na mwashi akisikiza,
Huyu alipokataa, yule akamjibiza,
Hata wino ukipaa, sauti wamebakiza.

Nikaipiga picha karatasi, nikamtumia mjukuu wa mzee, akamsomea. Jibu la mzee likaja kwa sauti iliyorekodiwa: "Umechukua kina changu cha mwisho ukakiweka katikati. Umeanza kujifunza. Lakini ile tijara, ile faida niliyokuuliza, hujanijibu."

Jumamosi

Kijana wa mama mdogo amenisindikiza stesheni, akinibebea begi la makaratasi ambalo sasa ni zito. Njiani nilimsimulia mambo ya wiki. Akasema hayo yote yapo hata leo, wasanii wanachana, huyu anamchana yule, yule anatoa wimbo wa kujibu, mashabiki wanagawanyika. Akanisikilizisha na singeli moja ya Manzese yenye matusi ya kuchekesha.

Nimemkubalia nusu. Uchokozi ni uleule. Ila mzee wa Temeke alilazimika kuingia ndani ya bahari ya mtu wa Tanga, ahesabu mizani zake, ashike vina vyake, ndipo ampinge. Huwezi kumfanyia hivyo mtu usiyemsikiliza. Msanii wa leo anajibu juu ya mdundo wake mwenyewe, hata kama hakumsikiliza mwenzake hadi mwisho. Kijana akasema mimi ni mwalimu tu, nataka kila kitu kiwe na masharti. Huenda.

Kwenye treni nimepanga upya sura za tasnifu. Nilikuwa na sura moja kwa kila mshairi: Mnyampala, Amri Abedi, Kandoro. Nimezivunja. Sasa kila sura ni mabishano: mtu aliyeuliza, waliojibu, gazeti lililochapisha, na ugomvi ulipoishia kama uliisha. Mnyampala atatokea sura ya pili, kwanza akiwa mjibuji, kisha akiwa mwenye jukwaa, na swali la ngonjera iliyojua mshindi wake mapema nitaliweka wazi, watu wa kwetu wanune wakitaka. Swali la wanawake linahitaji wiki nyingine, na huenda nyaraka nyingine: kanda za sauti za redio, barua, nyimbo.

Sura ya kwanza itaanzia Ujiji. Msimamizi atauliza nadharia iko wapi. Nimeitengea nafasi sura ya nne, washairi wakishamaliza kusemezana.